Mashimo Kwenye Sega la Mzinga wa Nne

Pupa wa 31 ndiye aliyenivuruga.

Nilikuwa nimeinamia sega tangu jioni, taa kichwani, kibano mkononi, nafungua vifuniko vya nta kimoja baada ya kingine, namtoa pupa, yaani nyuki mchanga aliyezibiwa kwenye kijumba chake kabla hajakomaa. Sega lenyewe nililitoa kwa malkia mmoja, binti wa malkia wa mzinga wangu wa nne. Wasomaji wa siku nyingi mnaujua mzinga huo. Misimu mitatu mfululizo, kila nilipochota nusu kikombe cha nyuki, kama 300 hivi, nikawatikisa na sukari ya unga, varoa, utitiri wanaoshambulia nyuki na watoto wao, waliodondoka hawakuzidi watatu. Mizinga iliyopakana nao ilikuwa inaangusha 15, mingine 20.

Nilichokuwa nakitafuta usiku ule nilikijua vizuri. Pupa ambaye macho yake yameshakuwa ya zambarau na mwili bado mweupe, na kando yake varoa mama aliye peke yake, bila mtoto hata mmoja. Hiyo ndiyo picha niliyoizoea kwenye mzinga wa nne.

Nikamvuta pupa wa 31 taratibu. Ukutani mwa kijumba palikuwa na doa jeupe la kinyesi cha varoa, dogo kama punje ya chumvi. Nikamulika ndani. Varoa mama alikuwepo, mwekundu wa kahawia, mpana kuliko alivyo mrefu, anatembea kimbavumbavu kama kaa. Nyuma yake walikuwepo watoto: dume mmoja mdogo sana, na mabinti wawili weupe kama maziwa walioanza kupata umbo la mama yao. Familia nzima, imeshiba, inasubiri nyuki atoke ili nayo itoke naye.

Nikanyanyua sega lote kwenye mwanga. Katikati ya majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyozibwa palikuwa na vijumba vitupu kila mahali, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Mashimo yale yale ya mzinga wa nne. Ila humu varoa walikuwa wanazaa.

Usiku ule sikulala vizuri, na wiki zilizofuata sikuacha kulifikiria sega lile.

## "Mtoe huyo, mwanangu"

Misimu miwili kabla ya hapo, mzee aliyenifundisha nyuki alikuja kuniona. Nilimfungulia mzinga wa nne kwa fahari. Akatoa fremu ya katikati, akaigeuza kwenye jua, akakaa kimya muda mrefu.

"Mwanangu, malkia huyu amekwisha," akasema. "Sega la majana linatakiwa lijae kama mkeka uliosukwa ukasukika. Hili lina matundu. Mtoe huyo, weka mwingine."

"Mzee, hesabu yake ya varoa ni ndogo kuliko mizinga yote hapa. Haya mashimo ni usafi. Nyuki vibarua wake wanatoa pupa walioingiliwa na varoa."

Akairudisha fremu mahali pake bila kuponda nyuki hata mmoja, kama anavyofanya siku zote, kisha akanijibu maneno mawili matatu tu.

"Haya. Shimo ni shimo."

Sikumtoa yule malkia. Na niseme wazi kwamba hata leo, baada ya yote nitakayoyaeleza, naamini sikukosea kutomtoa. Lakini sentensi ile ya mzee ilinikaa kama mwiba uliovunjikia ndani ya ngozi. Unapona juu, ukibonyeza unausikia.

## Asilimia 76

Swali la kwanza ambalo mfugaji yeyote anayetafuta nyuki wanaohimili varoa hujiuliza ni hili: kwa nini usiache tu wale dhaifu wafe?

Wapo waliofanya hivyo kwa makusudi, tena kwa utaratibu. Mwaka 1999, kwenye kisiwa cha Gotland nchini Uswidi, Ingemar Fries na wenzake waliweka makundi 150 ya nyuki, wakayatia varoa, wakayaacha. Hakuna dawa, hakuna kuwazuia wasigawanyike. Majira ya baridi ya mwaka wa tatu yaliua asilimia 76 ya makundi. Mwaka wa nne, asilimia 57. Mwaka wa tano vifo vikashuka hadi asilimia 13, wa sita vikawa 19. Waliobaki walikuwa wameanza kuishi na adui yao.

Afrika Kusini ilifika huko kwa njia nyingine. Varoa walionekana huko mwaka 1997, sehemu kubwa ya nyuki haikuwekewa dawa, na baada ya miaka kadhaa makundi yakawa yanaishi na utitiri bila kuanguka.

Nilipoisoma habari ya Gotland mara ya kwanza niliona ushindi. Mara ya pili nikaiona ile asilimia 76. Mimi nina mizinga inayohesabika kwa dakika moja. Nikiiacha ife kwa kiwango kile, ninaweza kubaki na mizinga mitatu, au nisibaki na kitu, na hata wale watatu sitajua kama wamepona kwa uwezo wao au kwa bahati. Halafu kundi linaloanguka kwa varoa halifi peke yake. Nyuki wa jirani huja kuiba asali iliyobaki na kurudi kwao wamebeba utitiri mgongoni, pamoja na virusi vinavyokunja mabawa ya majana.

Kwa hiyo nilichagua njia ya katikati. Mzinga ukifika varoa watatu kwa kila nyuki 100, nawawekea dawa nyuki, na malkia wao natoa. Nyuki wanaokolewa, ukoo unaishia hapo. Malkia mpya anatoka kwa ukoo ulioonyesha uwezo.

Na ukoo ulioonyesha uwezo, kwangu, ulikuwa mmoja.

## Jina lililobidi kubadilishwa

Kuna kisa kimoja cha utafiti ambacho nimekisimulia kwa watu mara nyingi, na bado sikukisikia vizuri mimi mwenyewe.

Miaka ya 1990, huko Baton Rouge katika jimbo la Louisiana, Marekani, John Harbo na Jeffrey Harris waligundua makundi ya nyuki ambamo varoa walikuwa wanaingia kwenye majana lakini hawazai. Ungefungua vifuniko ungewakuta kina mama, kijumba hadi kijumba, bila watoto. Wakaipa tabia hiyo jina lenye maana ya kuzuia uzazi wa varoa, wakaendelea kuichagua kizazi kwa kizazi. Walichodhani ni kwamba kuna kitu ndani ya jana chenyewe kinachowafanya varoa wawe tasa.

Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 2005 wakaeleza kinachotokea. Nyuki wakubwa walikuwa wananusa vijumba ambamo varoa anazaa, wanatoboa kifuniko, wanamtoa pupa na kila kilichomo. Varoa aliyekuwa tasa tangu mwanzo alisumbuliwa kidogo zaidi. Mtu akija kufungua sega baadaye, anawakuta wengi wao ni tasa, kwa sababu waliozaa walishatolewa. Ikabidi jina libadilishwe, likawa la usafi unaolenga varoa.

Fikiria hilo kidogo. Watu makini, wenye darubini na subira, waliangalia kilichobaki kwenye sega wakadhani ndicho kilichotokea kwenye sega.

Mimi nami nilikuwa naangalia mashimo.

## Buu kama alama ya mkato

Msimu uliopita niliamua kumzidisha malkia wa nne kwa nguvu zote.

Buu la kupandikiza ili nyuki walilee liwe malkia halitakiwi kuzidi umri wa saa 24 tangu kuanguliwa. Kwa macho ni alama ya mkato iliyojikunja ndani ya tone la maziwa ya nyuki, na linang'aa kiasi kwamba ukikosea pembe ya taa hulioni kabisa. Unapenyeza kijiko chembamba chini ya mgongo wake, unalinyanyua pamoja na tone lake, unaliteremsha kwenye kikombe cha nta likiwa limelala vile vile lilivyokuwa. Ukilipindua umeliua, maana linapumulia upande uliokuwa juu. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka mpaka nilipofika buu la kumi. Baada ya hapo pumzi ikatulia, vidole vikafuata.

Siku ya kumi nikahamisha seli za malkia zilizoiva kwenye mizinga midogo. Siku ya 12 malkia bikira wakaanza kutoka, wakikata kifuniko cha seli kwa mduara safi kama kifuniko cha kopo. Nikabaki na 14.

Hapo ndipo nilipofanya mambo mawili niliyoyaona ya busara.

La kwanza, nilikuwa nimeipeleka mizinga yote midogo mahali palipo mbali na mizinga ya watu wengine, ili madume wasiojulikana wasije wakaharibu kazi. La pili, wiki tatu kabla ya kupandikiza, niliweka masega mawili ya madume kwenye mzinga wa nne. Nilitaka hewa ya pale ijae madume wake. Malkia bikira hupanda juu kupandana na madume kama 12 hivi, wakati mwingine hata 20, na mbegu anazozihifadhi siku hizo ndizo atakazozitumia maisha yake yote. Nilitaka kila mbegu itoke kwenye damu ile ile njema.

Sikumwambia mzee. Nilitaka nimwonyeshe matokeo.

## Nilivyofurahia kitu kibaya

Mabinti wakapandwa, wakaanza kutaga, nikawapa makundi. Majana yao ya kwanza yalipozibwa, yalikuwa na mashimo.

Nilifurahi. Naandika hivi nikiwa na uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikwenda mzinga hadi mzinga nikiona mashimo na kusema kimoyomoyo kwamba tabia imerithiwa, wote 14, hakuna aliyekosa. Nikapiga picha. Nikaanza hata kuandika makala ya kuwasimulia.

Kisha makundi hayakukua. Mizinga iliyokuwa na malkia wa kawaida ilijaza fremu nane za nyuki, ya mabinti ikakwama kwenye tano. Nikajipa sababu: usafi una gharama yake, pupa wakitolewa nyuki hupungua. Hilo ni kweli pia, kwa kiasi.

Halafu nikahesabu varoa. Mabinti wanne walikuwa kama mama yao. Kumi waliobaki walikuwa wa kawaida kabisa, na wawili kati yao walikuwa wabaya kuliko mzinga wowote niliokuwa nao.

Ndipo nikakaa usiku na kibano, nikafika kwa pupa wa 31.

## Karatasi ya nailoni

Wiki tatu nzima nilizunguka na swali bila kulitamka. Nilipolitamka lilikuwa fupi: shimo hili limetokea lini?

Maana sega unaloliangalia leo halikuambii lini kijumba kiliachwa wazi. Kijumba kitupu kinaweza kuwa hakikutagwa kabisa. Kinaweza kuwa kilitagwa yai, likaanguliwa, buu likaliwa siku hiyo hiyo. Kinaweza kuwa kilizibwa, pupa akakaa siku saba, akatolewa vipande vipande. Ukija na fremu juani, vyote vitatu ni shimo.

Nikachukua karatasi ya nailoni angavu, nikaifunga juu ya fremu, nikaweka alama kwa kalamu kwenye vijumba 100 vyenye mayai mapya. Nilifanya hivyo kwa malkia wa nne mwenyewe, na kwa binti mmoja kati ya wale kumi. Kisha nikawa narudi na karatasi ile ile siku ya tano, ya 10 na ya 17, nakandamiza pembe zake mahali pale pale, nazungushia kila alama ambayo kijumba chake hakina tena kitu kilichokuwa kinatarajiwa.

Kwa mama, siku ya tano alama 97 zilikuwa bado na mabuu. Siku ya 10 vijumba 96 vilikuwa vimezibwa, sega limejaa kama mkeka wa mzee. Siku ya 17 vilibaki 82. Kwenye vile vilivyopotea niliona kingo za nta zilizotafunwa, na kwenye viwili nilikuta pupa aliyeliwa nusu, kichwa kimeondolewa, miguu bado imekunjwa kifuani. Kazi ilikuwa inaendelea mbele ya macho yangu. Kibarua mmoja aliingiza kichwa kwenye kijumba, akatoka na kipande cheupe, akampa mwenzake.

Kwa binti, siku ya tano zilibaki 74.

Siku ya 10, zilikuwa 73. Siku ya 17, 71.

Nilikaa chini penye nyasi na karatasi mbili mapajani. Mashimo ya mama yalikuja baada ya kuziba. Mashimo ya binti yalikuwa yameshakamilika kabla nta ya kwanza haijawekwa. Na kwenye vingi vya vijumba vile, malkia alikuwa amesharudi kutaga yai jipya, ndiyo maana sega lake lilikuwa na yai pembeni ya pupa pembeni ya buu, umri umechanganyika kama darasa lisilo na mwalimu.

Mabuu yale hayakuwa na varoa. Varoa mama haingii kwenye kijumba mpaka buu linakaribia kuzibwa. Vibarua walikuwa wanayala mabuu ya siku ya kwanza kwa sababu nyingine kabisa.

## Madume yanayoliwa

Jerzy Woyke, mtafiti wa Poland, alilionyesha jambo hili mwaka 1963, na jeni yenyewe ikatambuliwa 2003. Jinsia ya nyuki inaamuliwa na jeni moja yenye sura nyingi. Yai lisilorutubishwa lina nakala moja, linakuwa dume. Yai lililorutubishwa lina nakala mbili, na zikiwa tofauti linakuwa jike. Lakini nakala mbili zikifanana, yai hilo linakuwa dume lisilopaswa kuwepo. Vibarua hulitambua saa chache baada ya kuanguliwa, na hulila.

Nakala hufanana pale ndugu wanapopandana.

Kila binti wangu alichukua nakala moja kutoka kwa mama. Kila dume wa mzinga wa nne naye alichukua moja kutoka kwa mama yule yule. Kwa wastani nusu ya madume hao hubeba nakala ile ile aliyonayo binti, na kwa kila dume wa namna hiyo, nusu ya watoto wake wa kike hawapatikani. Malkia aliyepandwa na kaka zake watupu hupoteza robo ya majana yake.

Kati ya alama 100, nilikuwa nimepoteza 26.

Niliyasoma haya miaka mingi iliyopita. Ningeulizwa kwenye mtihani ningejibu vizuri. Lakini nilipokuwa naweka masega ya madume kwenye mzinga wa nne, nilikuwa nafikiria varoa tu, na nilipowapeleka malkia bikira mbali na nyuki wengine, nilikuwa nimewafungia ndani na kaka zao.

## Dume hana baba

Bado palikuwa na kitu kimoja kisichokaa sawa. Kama damu ya mzinga wa nne ni njema, na mabinti wameipata kwa mama na kwa kaka zao, basi usafi wao ungepaswa kuzidi, hata kama majana yamepungua. Mbona kumi kati ya 14 hawakuwa nao?

Jibu nililipata nikiwa nafanya kazi nyingine, nasafisha fremu za zamani kwa mpapuro.

Usafi haumo kwa malkia. Malkia hatoi pupa hata mmoja maishani mwake. Wanaotoa ni vibarua, na vibarua wote wana mama mmoja, lakini baba zao ni kama 12. Ndani ya mzinga mmoja kuna koo za baba tofauti, na si koo zote zina pua kali. Kundi linaweza kuonekana safi kwa sababu koo mbili tatu zinafanya kazi hiyo kwa niaba ya wote.

Nilipopandikiza mabuu, kila buu lilikuwa na baba wake mmoja, nisiyemjua. Mabinti wanne, nadhani, walitoka kwa baba mwenye kitu hicho. Kumi walitoka kwa wengine.

Na madume? Dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa. Hana baba. Anabeba damu ya mama yake peke yake. Masega mawili ya madume niliyoyalea kwa uangalifu mkubwa yalikuwa yamebeba kila kitu cha malkia wa nne, na hayakubeba hata chembe ya wale baba waliopandana naye angani siku nisiyoijua, mbali na macho yangu. Ikiwa usafi wa mzinga ule uliletwa na wao, basi niliujaza mji mzima wa hewa kwa madume wasio nao.

Hili linanirudisha Baton Rouge. Katika kazi yao, Harbo na Harris waliwahimilisha malkia kwa mbegu za dume mmoja tu kila mmoja. Nilikuwa nikilichukulia kama jambo la maabara. Sasa naona lilikuwa swali lile lile langu: baba akiwa mmoja, vibarua wote ni wake, na tabia yao haiwezi kujificha nyuma ya nyingine. Mimi sina vifaa vya uhimilishaji. Nilichonacho ni muda, mizinga midogo, na kuhesabu mabinti mmoja mmoja badala ya kumsifu mama yao.

## Kumi

Wale kumi niliwatoa.

Sitaki kulipita hili haraka. Binti wa mwisho alikuwa na doa la bluu mgongoni, nililompaka mwenyewe siku alipoanza kutaga. Nilimkuta anatembea taratibu kwenye sega, na kila alipopita vibarua waligeuka kumwelekea, wakamgusa kwa papasi zao. Alikuwa anataga vizuri sana. Aliingiza kichwa kijumbani, akatoka, akageuka, akashusha tumbo, akatulia, akaendelea na kingine. Kijumba baada ya kijumba, hakuruka hata kimoja. Robo ya kazi ile yote ilikuwa inaliwa nyuma yake, na kosa halikuwa lake.

Nilisubiri amalize mstari ule.

## Masega ya mzee

Nikaenda kwa mzee na karatasi zangu mbili za nailoni. Nilimwekea ya mama mbele, nikamweleza siku ya tano, ya 10, ya 17. Akavaa miwani. Akafuata alama kwa ukucha, moja moja. Kisha nikamwekea ya binti.

"Shikamoo tena, mzee," nikamwambia. "Kwa mama nilikuwa sahihi. Kwa mabinti ulikuwa sahihi wewe, kabla hawajazaliwa."

Hakucheka, wala hakuniambia kwamba alinionya. Aliendelea kuitazama karatasi ya pili.

"Kwa hiyo shimo lina tarehe," akasema.

Mzee hajawahi kupandikiza buu. Nyuki wake hugawanyika wenyewe, naye huwakamata na kuwapa mizinga. Lakini anayo makundi mawili ambayo hajayapa dawa kwa miaka mingi na hayajaanguka, na hayana undugu wowote na ya kwangu. Tulihesabu varoa wao pamoja, mara tatu, kwa wiki tofauti. Hayakuwa na namba nzuri kama za mzinga wa nne. Yalikuwa na namba za kuridhisha, na masega yaliyojaa.

Zamani ningeyaacha. Ningesema hayatoshi, ukoo wangu ni bora. Sasa nilimwomba aweke masega ya madume kwenye yote mawili. Dume huchukua siku 24 kutoka yai mpaka kutoka, na siku nyingine 12 hivi kabla hajafaa kupandana, kwa hiyo tulianza wiki tatu kabla sijagusa kijiko. Kwangu niliweka masega ya madume kwa wale mabinti wanne, kwa kuwa wao, tofauti na mama yao, huenda wamebeba damu ya yule baba. Mzinga wa nne sikuupa hata sega moja la madume safari hii.

Mabuu nimeyapandikiza kutoka kwa malkia wa nne na kutoka kwa malkia mmoja wa mzee. Seli zilipoiva nilizifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, nikazipeleka zikiwa zimesimama wima kwenye mizinga midogo iliyo karibu na kwake. Malkia tisa wamerudi wakiwa wamepandwa. Wawili hawakurudi.

Mkubwa wao ameanza kutaga wiki hii. Juzi asubuhi nimefunga karatasi mpya juu ya fremu yake na kuweka alama 100. Kesho kutwa mayai yale yatakuwa yameanguliwa, na vibarua watakuwa wameshaamua lipi libaki. Mzee amesema nisiifungue fremu mpaka afike na miwani yake.